Ekrani ya foto na ya kucheza kidogo: anzia ku ngozi, hapana ku Hz

Wandugu, kila mwaka promosio mpya inatoka chuoni, na kila mwaka kuko wenye kushika kamera juu kazi ya diploma inakawia kuja. Ulizo lenye linanifikia ni lile lile: "Yaya, niko na dola mia mbili. Ninunue ekrani gani? Nataka kutengeneza foto za mariaji, na mangaribi nicheze kidogo."

Jibu la mufupi: inchi 24, paneli ya IPS, yenye kufunika rangi za sRGB zote ao karibu zote, 1920 × 1080 ao 1920 × 1200, na 75 ao 100 Hz kama inapatikana. Ata okazyo yenye ilitoka ku ofisi za Ulaya iko muzuri, mradi uipime mbele ya kulipa. Mwenye haraka anaweza kuachia hapa na kwenda. Lakini ku duka utakuta mtu mwenye kukuonyesha namba zingine, za kubwa kubwa, na ekrani ya kujipinda yenye kuwaka mataa nyuma, na atakuambia hii njo ya "gaming", inafanya yote. Njo maana naandika murefu. Dola 200 kwetu ni franka ya kukusanya miezi mingi, na ukiisha kuitoa, hautanunua ekrani ingine mwaka huu.

Tuanzie ku kile chenye tuko nacho tayari. Wengi wetu tunatengeneza foto ku ekrani ya mashini yenyewe, ile laptop ya inchi 14 ao 15 yenye tuliandikia memware. Laptop za bei ya chini, nyingi zao, ziko na paneli yenye fabrika inaandika "45% NTSC". Hiyo NTSC ni kipimo cha zamani cha televizio za Marekani. Ukigeuza ile 45% mu kipimo chenye tunatumia leo, sRGB, unapata kitu kama 62 ao 63 kwa mia. Maana yake, zaidi ya sehemu moja ku tatu ya rangi zenye foto yako iko nazo, ekrani haiwezi kuzionyesha. Pagne ya rangi ya machungwa inakuwa kama imefuliwa mara mingi. Sasa wewe, juu unaona rangi imekufa, unaongeza rangi. Unaongeza paka inakupendeza. Kisha foto inafika ku simu ya mteja, simu ya OLED yenye rangi kali, na bibi harusi anaonekana kama mtu mwenye kupakwa mafuta ya mawese ku uso.

Kazi yetu iko na hiyo shida: foto haibakie kwetu. Inatoka mbele ya macho yetu na kwenda mahali pawili, ku simu za jamaa na ku labo. Ekrani ni kama ile mizani ya mama wa sokoni. Kama mizani inadanganya, ata ukiwa na roho safi namna gani, kilo haitakuwa kilo.

Mwenzangu moja wa promosio alitengeneza foto za mahari, karibu 80, zote butu, taa imezimwa, mwangaza wa ekrani ku mia kwa mia. Mbele yake zilikuwa zinang'aa. Labo ilipozichapa, zote zilitoka giza. Wababa wa upande wa bibi harusi hawakutambulika ata na suti zao. Familia ilikataa albamu, na yeye akalipa kuchapa mara ya pili na franka yake. Watu walilaumu labo. Lakini labo haikuwa na kosa ata kidogo: karatasi haina mwanga wake, inarudisha tu ule wa chumba, wakati ekrani inakutupia mwanga mu macho. Ekrani ikitoka mu karto, mwangaza wake kwa kawaida uko kati ya 250 na 300 (kipimo ni kandela ku metre karé, cd/m²). Kwa foto zenye zitachapwa, watu wa kazi wanatumika kati ya 80 na 120. Unaona tofauti. Yeye alikuwa anapunguza mwanga wa foto juu ekrani ilikuwa inamwongezea.

Shauri hilo la mwangaza halihitaji kununua kitu, nitalirudilia ku mwisho. Shauri la paneli lenyewe linahitaji, tena njo kubwa kupita yote.

Kuko paneli za aina tatu mu maduka. TN ni ya zamani na ya bei ya chini; ukiiangalia kutoka chini ao pembeni, rangi zinageuka, wakati mwingine uso unakuwa kama negatifu. Kwa foto, acha. Zinabakia mbili, IPS na VA, na hapa njo watu wengi wanachanganyikiwa, juu ku karatasi VA inaonekana kushinda. Kontrasti ya VA inafika 3000 kwa 1, na ya IPS ya kawaida iko ku 1000 kwa 1. Ukizima taa ukaangalia filme, nyeusi ya VA ni nyeusi kweli, na ya IPS inakuwa kama majivu, tena mu pembe za ekrani unaweza kuona ukungu wa mwanga. Sifichi hayo. Ekrani yangu ni IPS na mu michezo ya giza inaniudhi.

Lakini VA iko na tabia moja yenye kuharibu kazi. Ukikaa mbele yake sawasawa, giza yake inameza. Vile vidaraja vya chini, vyenye kutofautisha nyeusi na karibu-nyeusi, vinashikana pamoja. Sogeza kichwa kidogo pembeni, vinarudi kuonekana. Sasa fikiri: mu foto zangu, uso wa mtu wa ngozi nyeusi mwenye kusimama mu kivuli cha hema unakaa mara mingi kati ya 20 na 60 ku ngazi ya 0 mpaka 255. Ni pale pale VA inamezea. Shavu la mtu linabadilika kulingana na vile umekaa ku kiti! Na fotografu akiona uso umepotea, anafanya nini? Anaupandisha. Anaupandisha paka unakuwa wa kijivu-kijivu ao mwekundu. Kisha tunasikia wamama wakisema, "Uyu mutoto wa foto anatugeuza bazungu." Hapana siku zote kwamba yule kijana anapenda kuwageuza wazungu. Mara ingine hakuona kama ngozi ilikuwa tayari muzuri.

Shauri hilo haliko la leo. Toka miaka ya 1950, labo za Kodak zilikuwa zinarekebisha mashini za kuchapa rangi kwa kufuata kadi yenye foto ya mwanamke mzungu. Waliiita kadi ya Shirley. Ngozi ya Shirley ikitoka muzuri, mashini iko muzuri. Wengine wote waliingia mu rangi kupitia yeye. Mtafiti Lorna Roth, wa Chuo Kikuu cha Concordia kule Montréal, aliandika mu 2009 historia hiyo: namna filme ilikuwa inapoteza nyuso nyeusi, na namna wenye walisukuma Kodak kurekebisha hawakuwa fasi ya kwanza watu wenye ngozi nyeusi, lakini wafanyabiashara wa chokoleti na wa meza na makabati ya mbao, wenye walitaka tofauti za kahawia zionekane. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja paka mu miaka ya 1990. Leo hakuna tena kadi ya Shirley mu labo ya mu kartie, lakini kila mmoja wetu iko na kipimo chake mbele ya macho, na kipimo hicho ni ekrani. Ukinunua yenye kumeza kahawia na nyeusi, umejirudishia ile kadi wewe mwenyewe.

(Kama uko Lubumbashi na unapata bahati ya kuingia mu maonyesho ya Biennale yenye Sammy Baloji na wenzake wa Picha walianzisha toka 2008, usiangalie tu vitu vyenye viko mu foto. Karibia tiraji moja kubwa, angalia fasi za giza, hesabu ngapi za nyeusi ziko ndani. Jicho linajifunza. Haiombi franka.)

Basi paneli ni IPS. Kisha hapo, namba zenye kuangalia ni chache.

Ya kwanza ni sRGB. Ni kipimo cha rangi chenye HP na Microsoft walitoa mu 1996, na njo chenye intaneti, simu na labo nyingi za kawaida zinategemea. Tafuta ekrani yenye kusema 99% ao 100% ya sRGB. Duka likiandika "72% NTSC", usiikimbie juu namba iko chini ya mia: ile 72% ni karibu sawa na sRGB yote. Ni 45% yenye kukimbia. Adobe RGB, ya mu 1998, ni pana kupita, na kuko watu wenye kukusifia ekrani ya Adobe RGB. Lakini kama labo yako inapokea JPEG ku kle ya USB na mteja wako anaangalia foto mu WhatsApp, unalipia rangi zenye hakuna mtu ataona. Tena ekrani pana sana, kama haina namna ya kuifungia ku sRGB, inakuonyesha kila kitu kikali kupita ukweli, na unaanza kupunguza rangi zenye hazikuwa na shida. Ni kosa la mashini ya 45%, limegeuzwa tu.

Ya pili ni biti. Ekrani ya biti 8 iko na vidaraja 256 kwa kila rangi, nyekundu, kijani na bluu. Ukizidisha unapata rangi milioni 16.7. Zingine ni za biti 6 zenye kuwakawaka haraka kwa kudanganya jicho lione 8. Hiyo haitakuua. Mbingu ya mangaribi ku Ziwa Tshangalele inaweza kuonyesha mistari-mistari pale rangi inapaswa kuteremuka polepole, lakini mariaji utazifanya bila shida.

Zile zingine, kontrasti "ya dinamiki" ya milioni na milioni, neno HDR lenye kubandikwa ku karto ya ekrani ya bei ya chini, milisekonde 1, pita. Kipimo cha chini kabisa cha DisplayHDR kinaomba mwangaza ufike 400, na mimi nilikuambia tunatumika ku 120. Ni vitu vya kuuzisha. Ekrani ya kujipinda pia, mimi siitaki kwa foto: ukinyoosha mustari wa ukuta wa kanisa ku ekrani yenye kujipinda, jicho halijui tena kunyooka ni nini. OLED ni nzuri sana, lakini bei yake haiko ya mazungumzo haya, na vibao vya programu vyenye kubakia fasi moja masaa mingi vinaweza kuacha alama yao ndani.

Ukubwa: inchi 24 na 1920 × 1080 inakupa pikseli 92 hivi kwa kila inchi. Ukichukua ile ile 1920 × 1080 mu inchi 27, inateremuka ku 82, na pikseli zinaanza kuonekana. Kwa mtu wa foto hiyo ni shida ya kweli, juu hauwezi tena kujua kama foto iko bila netteté ao kama ni ekrani yenyewe. Inchi 27 inaomba 2560 × 1440, yenye kutoa 109. Ni raha, siwezi kukatala. Lakini iko na pikseli milioni 3.7 fasi ya milioni 2.1, na mchezo wako utabeba mzigo huo wote. Kama uko na mashini yenye karti ya grafiki ya kweli na dola zako zinapita 200, fanya hivyo. Kama hapana, 24 inatosha. Na ukipata 1920 × 1200, ile ya urefu kidogo, usiiache: vipande vya chini na vya juu vinabakia kwa vibao vya programu, foto inapumua.

Sasa michezo. Najua wengi mulikuwa munangojea paka hapa.

Neno lenye mteja ananiambia siku zote ni "kidogo": kucheza kidogo. Mpira wa EA Sports FC ao eFootball na wandugu, GTA V, wakati mwingine Counter-Strike. Hz ni mara ngapi ekrani inabadilisha picha mu sekonde moja. Kwa 60 Hz, picha moja inakaa milisekonde 16.7. Kwa 75 inakaa 13.3, kwa 100 inakaa 10, kwa 144 inakaa 6.9. Hesabu mwenyewe: kutoka 60 kufika 100 unapata karibu milisekonde 7. Kutoka 100 kufika 144 unapata 3. Faida kubwa iko ku hatua ya kwanza, na ile ya pili njo yenye duka linakulipisha.

Tena ekrani haitengenezi picha, inaonyesha tu zenye mashini inatuma. Laptop yenye grafiki ya Intel ya ndani, mu michezo mizito, haifiki ata picha 60 kwa sekonde. Utawekea 144 Hz mashini yenye kutuma 35? PlayStation 4 pia inaishia ku 60. Yule mwenye kununua ekrani ya 144 Hz juu ya PS4 amenunua barabara ya njia sita na iko na kinga moja.

Kuko pia shauri la kable. HDMI 1.4, yenye iko ku laptop nyingi za zamani kidogo, inapitisha 1920 × 1080 mpaka 120 Hz, lakini ku 2560 × 1440 inabakia kwa kawaida 60 ao 75. HDMI 2.0 inapitisha 2560 × 1440 ku 144. VGA, ile ya bluu yenye visi viwili, usiunganishe nayo kwa foto: alama inapita mu waya bila kuhesabiwa, na netteté inapotea njiani. Kabla ya kununua, angalia mashini yako iko na tundu gani, kisha angalia ekrani iko na gani.

Kitu kimoja cha michezo chenye naomba uangalie kama bei ni ile ile ni FreeSync, yenye AMD ilileta mu ekrani mu 2015. Inafanya ekrani ingojee mashini fasi ya kukata picha katikati. Kwa mashini dhaifu kidogo, yenye kuruka kutoka picha 48 kwenda 60 na kurudi, inasaidia kupita Hz nyingi. Mradi tu grafiki yako inaikubali. Na VA tena, ata mu mchezo, ku giza inavuta mkia nyuma ya kila kitu chenye kukimbia. Kwa hiyo IPS ya foto haikunyangi mchezo. Ekrani ya mchezo njo inaweza kukunyanga foto.

Umeme. Hakuna mtu anaweka jambo hilo ku karto, lakini kwetu linapita Hz zote. Ekrani ya IPS ya inchi 24 inakula kati ya wati 15 na 25. Tuchukue uko na batri ya 12 V, 100 Ah: ni wati-saa 1200, na kama ni ya risasi hautaipunguza kupita nusu, basi 600. Mashini inakula 45, ekrani 20, jumla 65. Ukitoa kile chenye invertere inakula, unapata kati ya masaa 7 na 8. Ni butu nzima ya kazi, na delestaji ikuje vile inataka. Weka ekrani kubwa ya kujipinda yenye kula wati 60, masaa hayafiki 5. Albamu yenye kupaswa kutoka asubui, haitoki.

Angalia pia chakula cha umeme kinaingia namna gani. Ekrani zingine ziko na adaptatere ya inje, ile sanduku ndogo ya laptop, ya 12 V ao 19 V. Zingine zinameza 220 moja kwa moja mu tumbo. Umeme ukirudi na nguvu na kuunguza kitu, adaptatere ya inje unabadilisha ku mtu wa sokoni kwa bei ndogo. Ile ya tumbo, unafungua ekrani nzima. Kwa yote mbili, stabilizatere. Sitaki ata kubishana juu ya hiyo.

Ku okazyo, mimi napenda ekrani za zamani za ofisi kupita ekrani mpya za jina lenye hakuna mtu anajua. Dell UltraSharp U2412M, kwa mfano, ilitoka mu 2011: IPS, inchi 24, 1920 × 1200, mguu wenye kupanda na kushuka na kugeuka. Ni ya biti 6 yenye kudanganya 8, na ni 60 Hz, lakini ngozi inaonyesha kwa heshima. Ujue tu haina HDMI: iko na VGA, DVI na DisplayPort, kwa hiyo kable yake uitafute siku ile ile. Ndugu yake U2415 iko na HDMI. Zenye kupita Kasumbalesa ao kutoka Dubai mu kontenere zinafika zikiwa zimetumika masaa mingi, na taa ya ndani inachoka polepole. Lakini kumbuka tunatumika ku 120: taa yenye ilizaliwa 300 na leo imebakia 200 ingali inakutosha.

Sharti uipime. Enda na mashini yako na kable yako, usikubali kuonyeshwa na video ya duka, yenye rangi za samaki na za matunda. Kila ekrani inapendeza na samaki. Weka mu kle ya USB vitu hivi: kurasa tano za rangi moja moja (nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, bluu), ngazi ya kijivu kutoka 0 mpaka 255 ya vidaraja vya kuhesabika, na foto moja yako mwenyewe, uso mweusi ku nguo nyeupe, foto yenye unajua vile ilitoka labo. Kurasa za rangi zinaonyesha pikseli zenye zilikufa. Ule wa nyeusi, omba wapunguze taa ya duka ao funika ekrani na koti, utaona mwanga wenye kuvuja pembeni. Ku ngazi ya kijivu, angalia vidaraja vya chini: kama vya kwanza kumi vimeshikana kuwa kimoja, ata ukibadilisha mwangaza, rudisha. Kisha simama, kaa, enda pembeni. Uso mu foto yako ukibadilika rangi wakati unatembea, iko TN ao VA, ata kama karto inasema IPS. Fungua pia mipangilio ya Windows na usome rezolusio yenyewe na Hz zenyewe. "Inakubali 4K" maana yake inaweza kupokea 4K na kuipunguza. Haisemi iko nayo.

Muuzaji akikuambia, "Patron, unaharibisha wakati, hii ni mashini nzuri tu," ujibu kwa upole, "Papa, franka nayo ni nzuri tu," na uendelee kupima.

Ku nyumba, siku ya kwanza, iache iwake nusu saa. Chagua mu menyu yake sRGB kama iko. Kama haina, chagua joto la rangi la 6500. Zima kila kitu chenye kujibadilisha kyenyewe: kontrasti ya dinamiki, "mode" ya mchezo, na ile rangi ya manjano ya butu ya Windows. Kisha mwangaza. Kuko sonda za kalibraji, za Calibrite na za Datacolor, na ni kazi nzuri sana, lakini bei yake inaweza kukaribia bei ya ekrani yenyewe. Watu watano wa promosio moja wanaweza kuinunua pamoja, juu mtu anaihitaji mara moja kwa mwezi tu. Mbele ya hapo, fanya hivi: fungua ukurasa mweupe ku ekrani, weka pembeni karatasi nyeupe safi yenye kupigwa na taa yako ya kazi, hapana jua la dirisha. Teremusha mwangaza paka zote mbili zinafanana. Mara ya kwanza utasema ekrani imekufa. Kisha siku tatu jicho linazoea.

Taa yenyewe isiwe ya manjano sana, na ukuta wa nyuma yako usiwe wa rangi kali, juu rangi yake inarudi ku ekrani na wewe unaihesabu mu foto. Chapa foto moja tu ku labo yako ya kawaida, ndogo, ile ya uso mweusi ku nguo nyeupe, uirudishe, uiweke chini ya taa ile ile pembeni ya ekrani. Kama karatasi iko giza kupita, teremusha mwangaza tena kidogo. Ukiona vinafanana, andika namba ya mwangaza ku kipande cha karatasi na ukibandike nyuma ya ekrani, juu mdogo wako atakuja kucheza GTA na ataipandisha ku mia.